Mdogo Wangu, Wasomaji Wako Walikuwa Wanatafuta Nini?

Wiki hii nayaweka kando maswali ya ndoa na ya mawifi, kwa sababu kuna jambo ambalo wengi wenu mmeniuliza na naona linawasumbua kweli. Una blogu yako. Unaandika mapishi, au ufugaji wa kuku, au malezi, au mambo ya ujauzito. Unakesha nayo. Kila asubuhi unafungua takwimu unaona watu wameingia, jana wengi, leo wachache, na hujui hata mmoja alikuja kufuata nini. Mwisho unaanza kubahatisha: labda wanapenda picha, labda niandike mafupi, labda nihamie TikTok. Usihame kwanza. Tukae tuzungumze.

Msomaji anakufikia kwa njia kuu mbili. Yupo anayekujua: rafiki, ndugu, anayekufuata Instagram, au mtu aliyetumiwa kiungo chako kwenye kundi la WhatsApp. Huyo kaja kwa ajili yako. Na yupo asiyekujua kabisa. Yuko Tabora, au Malindi, au yuko kazini kwa watu kule Muscat. Kashika simu, kaandika maneno manne kwenye Google, na kati ya majibu yaliyotokea akakuona wewe. Huyo kaja kwa ajili ya shida yake, na yale maneno manne ndiyo shida yenyewe, kwa lugha yake, kabla hajasoma hata sentensi yako moja. Mimi nayathamini maneno hayo kuliko idadi yoyote ya wasomaji, na kuyapata ni bure.

Chombo cha kuyapatia kinaitwa Google Search Console. Wakongwe wanakikumbuka kwa jina la Webmaster Tools, lililobadilishwa mwaka 2015. Unaingia kwa akaunti yako ya Gmail, unaandika anwani ya blogu, kisha unatakiwa kuthibitisha kwamba ni yako kweli. Kama blogu iko Blogger na umetumia akaunti ileile, kazi hiyo hujimaliza yenyewe. Kama iko kwenye WordPress au kwingineko, utapewa kipande kifupi cha msimbo cha kubandika kwenye tovuti. Ukishindwa, mwombe aliyekutengenezea akubandikie, ni kazi ya dakika chache, lakini usimpe nywila yako. Ndani ya WordPress kuna mahali pa kumwingiza mtu kwa barua pepe yake na kumtoa akishamaliza. Nalisisitiza hili kwa sababu nawajua mabinti waliopoteza blogu zao nzima kwa kumwamini kijana wa kompyuta aliyeondoka na nywila.

Jisajili leo, hata kama huna nafasi ya kusoma chochote hadi mwezi ujao. Search Console huanza kukuwekea kumbukumbu tangu siku uliyoiandikisha blogu, haikurudishii ya miaka ya nyuma. Ikishaanza, inakutunzia miezi 16. Hiyo miezi 16 ina maana kubwa kwetu tunaoandika kwa kufuata misimu, na nitaigusa tena nikifika kwenye Ramadhani.

Sasa najua kuna atakayesema: Dada, mimi nina Google Analytics siku nyingi, mbona maneno hayo siyaoni? Zamani yalikuwa yanaonekana. Mtu akikubofya kutoka Google, anwani ya ukurasa aliotokea ilikuwa inabeba maneno aliyoyatafuta, na programu ya takwimu inayasoma na kukuandikia. Oktoba 2011 Google ikaanza kuyaficha kwa watu waliokuwa wameingia kwenye akaunti zao, na kufikia mwaka 2013 ikayaficha kwa karibu kila mtu. Ndiyo maana mafunzo mengi ya zamani yanakuelekeza mahali ambapo leo hapana kitu. Hukukosea popote. Na akitokea mtu anataka pesa ili akufungulie maneno yaliyofichwa, mwambie asante, hapana.

Haya, umeingia, ripoti ya utafutaji iko mbele yako. Juu kuna namba nne: watu walikubofya mara ngapi, ulijitokeza mara ngapi kwenye majibu ya Google, asilimia ya waliokubofya kati ya mara hizo, na wastani wa nafasi uliyoshika. Chini yake kuna jedwali la maneno. Wengi wenu mnakwenda kwenye namba ya kujitokeza, mnaiona kubwa, mnafurahi. Punguzeni furaha. Google inakuhesabia umejitokeza hata kama jina lako lilikuwa chini kabisa ya ukurasa na mtafutaji hakushuka kufika hapo. Kwenye simu yenye kioo kidogo, aliye nafasi ya tisa anaweza kujitokeza mara elfu na asionwe na mtu. Namba hiyo isome pamoja na nafasi, kila mara.

Jambo la pili linalowatia wasiwasi: ukijumlisha mibofyo yote ya kwenye jedwali, hupati ile jumla iliyoandikwa juu. Hakuna kilichoibwa. Maneno yaliyotafutwa na watu wachache mno hayaonyeshwi, ili mtu asije akatambulika. Nami nauunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Agosti 2006 kampuni ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani maneno waliyoyatafuta watumiaji wake zaidi ya 650,000 kwa muda wa miezi mitatu, karibu utafutaji milioni 20. Majina yaliondolewa, kila mtu akapewa namba. Haikuchukua siku nyingi, waandishi wa New York Times wakaifuatilia namba moja, neno kwa neno, hadi wakafika nyumbani kwa mama mmoja mjane katika jimbo la Georgia. Ni yeye kweli. Alikuwa ametafuta habari za mbwa wake, za mji wake, za maradhi yaliyowasumbua marafiki zake. AOL iliomba radhi na kuziondoa kumbukumbu zile, lakini nakala zilikuwa zimeshasambaa.

Kwa hiyo nawaomba jambo. Kuna tabia ya waandishi kupiga picha maneno ya ajabu yaliyowafikisha watu kwenye blogu zao na kuyarusha mitandaoni ili watu wacheke. Msifanye hivyo. Mtu aliyeandika kitu cha aibu kwenye Google alikuwa peke yake na hofu yake, akiamini hakuna anayemwona. Ukiyasoma maneno yake, yafanye amana.

Sasa tuone kazi yenyewe inavyokwenda. Mdogo wetu mmoja anayeandika mapishi alinitumia picha za ripoti yake na akaniruhusu niizungumzie hapa bila kumtaja. Ana makala moja anaipenda sana, ameiita "Asubuhi Yenye Harufu ya Iliki". Inamhusu bibi yake wa Tanga, jiko la mkaa, na maandazi. Imeandikwa vizuri mno, mimi mwenyewe nimeisoma mara mbili. Mapishi yenyewe yako chini kabisa, baada ya hadithi.

Nikamwambia aibofye makala hiyo kwenye orodha ya kurasa, kisha arudi kwenye jedwali la maneno. Hii ndiyo hatua ninayotaka muikumbuke kuliko nyingine zote. Ukitazama maneno ya blogu nzima unaona mchanganyiko usioeleweka. Ukichagua ukurasa mmoja, unabaki na maneno yaliyowafikisha watu kwenye makala hiyo peke yake, na hapo unaanza kuwasikia wakiongea. Tuliyoyaona ni haya: jinsi ya kupika mandazi laini. Vipimo vya maandazi kilo moja. Mandazi bila nazi. Kwanini mandazi yananyonya mafuta. Mahamri ya nazi. Hapakuwa na hata mtu mmoja aliyetafuta harufu ya iliki.

Msiyapite haraka maneno haya. Chukua lile la vipimo vya kilo moja. Huyo ni nani? Anayepikia watoto wake chai ya asubuhi hapimi kwa kilo, anapima kwa kikombe au kwa macho. Wa kilo ni mtu wa biashara, au anataka kuanza. Pengine kesho alfajiri anataka kukaa na beseni lake karibu na shule, na usiku huu anapiga hesabu: unga kilo moja, sukari kiasi gani, hamira kiasi gani, nitatoa maandazi mangapi, nikiuza kwa bei ya mtaani kwetu itarudi hela ya mafuta? Makala ya mdogo wetu ilikuwa na vikombe viwili vya unga. Yule mama alifika, akatazama, akaondoka. Na hakuondoka kwa sababu makala ni mbaya.

Tazama na lile la kunyonya mafuta. Huyu tayari ameshapika na yamemharibikia. Mafuta ya kupikia tunajua bei yake. Ameshika simu kwa mkono wenye unga, anataka kujua alipokosea kabla hajatia fungu la pili. Nikampigia simu mdogo wetu nikamwuliza hilohilo swali. Akanijibu papo hapo, bila kufikiri: mafuta hayajapata moto wa kutosha, ukitia donge kwenye mafuta vuguvugu ngozi ya nje inachelewa kukauka, huku ndani linaendelea kuyavuta, au umejaza karai, moto ukashuka ghafla, au umekanda teketeke mno. Akanieleza anavyojaribisha kwa kipande kidogo cha donge, kikizama na kupanda upesi huku kinatoa mapovu, ndipo anaanza. Akaongeza kwamba yakishaingia lazima uyamwagie mafuta ya moto kwa juu na upawa ili yaumuke vizuri. Aliongea dakika tano mfululizo. Nikamwambia, hayo uliyoniambia sasa hivi yako wapi kwenye makala? Hayapo. Anayajua vizuri kiasi kwamba haikumpitia akilini kuna mtu asiyeyajua.

Hapo ndipo wengi wenu mlipo, wadogo zangu. Mnachokijua kwa mikono mnakiona hakina maana ya kuandikwa, na ndicho anachokitafuta mtu wa mbali.

Hili la bila nazi linanifurahisha, maana nyuma yake kuna jiografia. Ukitoka pwani ukaingia bara, nazi ni kitu cha kununua sokoni, na siku nyingine ni ghali au haipo. Mtu huyo anataka ruhusa ya kutumia maziwa au maji, na anataka kuambiwa atapoteza nini akifanya hivyo. Sentensi mbili zinamtosha. Na lile la mahamri liko wazi: tulipochuja kwa nchi, mengi yalitokea Kenya. Kule Mombasa na Lamu, mahamri na mbaazi za nazi ni chakula cha asubuhi kinachoheshimika, na anayekitafuta hataandika maandazi. Mwandishi wetu hakuwa amelitumia neno mahamri hata mara moja.

Kichujio hicho cha nchi kizoeeni. Kiswahili chetu kimeenea, na kitu kimoja kina majina kadhaa. Nyanya za Dar es Salaam ni tungule za Unguja. Viazi mviringo vya mtu mmoja ni mbatata za mwingine. Mwandishi wa kilimo anayeandika jina moja tu anawafungia nje wasomaji wa upande wa pili bila kukusudia. Sisemi mrundike majina yote kwenye kila sentensi, hapana. Inatosha mahali fulani mapema kwenye makala useme kwa lugha ya kawaida kwamba wenzetu wa visiwani huziita tungule, kisha uendelee na jina lako. Msomaji wa Unguja ataona umemjali, na Google nayo itajua.

Makosa ya tahajia ni suala jingine. Utakuta ngombe bila ritifaa, utakuta amira badala ya hamira, mandazi kwa maandazi, kwanini iliyounganishwa. Watu wanaandika kwa kidole gumba ndani ya daladala, na wengine hawaandiki kabisa, wanaiambia simu kwa sauti. Tangu Agosti 2017 Google imekuwa ikipokea Kiswahili cha kusemwa. Wewe usiandike makosa ili kuwafuata. Andika Kiswahili safi. Mara nyingi mashine inaelewa kwamba ngombe na ng'ombe ni mnyama mmoja, na msomaji aliyekosea kuandika bado anastahili kusoma kilichoandikwa sawasawa.

Umeshayasoma maneno, sasa ufanye nini nayo? Hapa napenda kumtaja mwenye duka wa mtaani anayejua kazi yake. Chini ya kaunta ana daftari. Mteja akiulizia kitu ambacho hakipo, anamjibu kwa adabu, na akishaondoka anakiandika. Jumamosi akienda sokoni analifungua daftari. Nanyi fungueni daftari, la karatasi au jedwali la kompyuta, yote sawa, mwandike maneno ambayo mtu amefika nayo kwenu na jibu lake hakulikuta.

Baadhi ya maneno yatakuhitaji uongeze aya moja kwenye makala iliyopo. Mandazi bila nazi ni aya moja. Mengine ni makala mpya kamili: vipimo vya biashara kwa kilo moja, mbili na tano ni kazi inayojitegemea, ipe ukurasa wake, weka na hesabu ya gharama kwa bei za mtaani kwako na utaje mwezi ulioziandika bei hizo. Ukiona neno ambalo unajitokeza mara nyingi, uko nafasi ya nne au ya tano, na bado hakuna anayebofya, tazama kichwa cha makala yako kwa jicho la mtu asiyekujua. Angejuaje kwamba jibu lake liko nyuma ya "Asubuhi Yenye Harufu ya Iliki"? Mdogo wetu alikiona kichwa hicho ni mwanawe, hakutaka kukigusa. Tukakubaliana: juu ikae "Jinsi ya Kupika Maandazi Laini ya Iliki", na jina lake la zamani likawa kichwa kidogo cha sehemu ya hadithi ya bibi. Mapishi yamepanda juu, bibi amebaki palepale kwa anayetaka kukaa na kusoma. Mimi nisingekubali bibi aondolewe. Mtu aliyefuata vipimo akakutana na bibi huyo ndiye atakayerudi kesho kwa ajili yako.

Onyo dogo hapo: badilisha kichwa, lakini anwani ya makala usiiguse. Ukibadilisha anwani bila kuielekeza ya zamani kwenye mpya, kila aliyehifadhi au kutuma kiungo chako atafika mahali tupu. Na ukishabadilisha kitu, subiri wiki kadhaa. Takwimu zenyewe huchelewa siku mbili tatu, na Google inahitaji muda wa kurudi kuisoma makala. Kubadilisha kichwa kila jioni hakukufundishi chochote.

Kuna wanaochukulia maneno haya kama ulimbo wa kunasia watu, nami hapo nachukia waziwazi. Kila mwaka yanapokaribia matokeo ya kidato cha nne ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, intaneti hujaa kurasa zenye kichwa kinachosema matokeo yametoka, ukifungua unakuta maneno yaleyale yamerudiwa mara ishirini na matangazo ya biashara yanayorukaruka. Mzazi wa kijijini amemaliza bando lake hapo. Mtoto ameshikwa na tumbo la wasiwasi bure. Ni hivyohivyo na majina ya walioitwa kazini. Anayeandika ukurasa wa namna hiyo anajua kabisa mtu anatafuta nini na anajua kwamba hana cha kumpa. Mdogo wangu, usiwe yeye, hata mwezi ukiwa mgumu.

Tena haisaidii kama wanavyodhani. Google ilitangaza Septemba 2009 kwamba ile orodha ya maneno inayofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa haiitazami katika kupanga nani awe juu, na bado kuna watu wanauziwa huduma hiyo hadi leo. Kurudiarudia neno moja mpaka sentensi inakufa, au kuandika maneno meupe juu ya karatasi nyeupe, ni mambo ambayo Google inayahesabu kuwa udanganyifu na inaweza kukushusha kwa ajili yake.

Sasa niseme na wanaoandika mambo ya afya, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Mmoja wenu ana blogu ya ujauzito na malezi, makala nzuri za lishe na za kuandaa nguo za mtoto. Kwenye ripoti yake tulikuta watu wanamfikia kwa maneno kama mjamzito kutokwa na damu miezi saba, na kichwa kuuma sana na kuvimba uso mjamzito. Wanatua kwenye makala ndefu inayoanza na furaha ya kusubiri mtoto. Fikirieni anayeandika maneno hayo. Ni usiku, mume yuko safarini au amelala, mama mkwe ameshasema hayo ni ya kawaida. Kutokwa damu, kichwa kinachouma sana, kuona maruweruwe, kuvimba uso na mikono, mtoto kupungua kucheza tumboni: hizo zote ni dalili za hatari, na jibu lake ni moja, aende kituo cha afya sasa hivi, asingoje asubuhi.

Nilimwambia aiweke sentensi hiyo iwe ya kwanza kwenye ukurasa, kwa herufi nzito, kabla ya salamu, kabla ya picha. Hata kama itamfanya msomaji aondoke baada ya sekunde tano. Programu ya takwimu itaandika kwamba mtu amekuja na kuondoka haraka, na mwandishi asiyejua ataona ni hasara. Sisi tutajua ameondoka kwenda hospitali. Na kama uko kwenye nafasi hiyo ya kuulizwa na wajawazito, mtafute mkunga au daktari akupitie makala zako kabla ya kuzichapisha. Kubembeleza mtu wa kazi hiyo ni rahisi kuliko kubeba lawama ya ushauri mbovu. Dawa usizozijua usiziandike kabisa, hata kama watu mia wanazitafuta kila siku.

Wenye blogu changa mtaniambia, Dada, jedwali letu ni tupu. Ni kweli, mwanzoni halina kitu. Anzieni kwenye Google yenyewe. Fungua dirisha la faragha ili historia yako isiingilie, andika jinsi ya kufuga kuku, usibonyeze kutafuta, tazama maneno yanayojitokeza chini. Hayo yanatokana na yale watu wanayoyatafuta kweli. Ongeza herufi moja, yanabadilika. Andika kuku wa kienyeji wana, uone inavyomalizia, mara nyingi utaona ugonjwa kabla ya faida. Kisha shuka chini ya ukurasa wa majibu, kuna maswali na utafutaji mwingine unaofanana. Ipo pia Google Trends, ya bure, inayokuonyesha neno linapanda na kushuka lini na katika nchi ipi. Ila namba zake za 0 hadi 100 ni za kulinganisha, 100 ina maana ya kilele cha neno hilo, si watu 100. Kwa maneno mengi ya Kiswahili itakwambia haina taarifa za kutosha. Usivunjike moyo kwa hilo, wala usidhani hakuna anayetafuta. Google imesema kwa miaka mingi kwamba takriban asilimia 15 ya utafutaji wa kila siku ni maneno ambayo haijawahi kuyaona.

Na msisahau masikio yenu. Maswali unayoulizwa saluni, kwenye kikoba, kwenye foleni ya kliniki, yale yanayorudi kila wiki kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, andika jinsi yalivyoulizwa, usiyasanifishe. Shangazi akikuuliza mbona kuku wangu wanapiga chafya, hiyo ndiyo sentensi atakayoiandika mwingine kwenye simu. Hataandika magonjwa ya mfumo wa hewa.

Nimeahidi Ramadhani. Mwezi huo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka kwa kalenda ya kawaida, kwa hiyo ukilinganisha Machi na Machi unaweza kujidanganya. Tumia ile miezi 16 kuutafuta Ramadhani uliopita wenyewe. Tazama maneno ya futari, kaimati, tambi, uji wa pilipili manga yalianza kupanda wiki gani, kabla ya mfungo au baada. Mdogo wetu wa mapishi aliona yanaanza kupanda wiki mbili kabla mwezi haujaandama, naye huwa anachapisha siku ya kwanza ya mfungo, jikoni kukiwa kumeshapangwa.

Mmeniuliza pia mtazame ripoti mara ngapi. Mara moja kwa mwezi inatosha, jioni moja iliyotulia. Chagua makala tano tu, zile zinazopata watu wengi na moja unayoipenda isiyopata mtu. Soma maneno ya kila moja kwa sauti, kana kwamba mtu kakaa mbele yako anakuuliza. Kwenye sehemu ya tarehe kuna kitufe cha kulinganisha vipindi viwili; linganisha miezi mitatu ya sasa na mitatu iliyotangulia, uone swali gani jipya limeingia. Siku nyingine zilizobaki, andika.

Ukikwama kwenye kuthibitisha blogu, niandikie ueleze iko kwenye mfumo gani na ujumbe gani unakutokea, nakili kama ulivyo. Nywila usinitumie.